Mtande

Pedali ni ndogo, ukubwa wa mche wa sabuni,
ya chuma, imechubuka pembeni, ina taa moja.
Nyekundu: inasikiliza.
Kijani: inakurudishia ulichosema.
Bogna ameiweka sakafuni, jikoni, ghorofa ya saba,
kwa kuwa nyuma ya ukuta wa chumba chake pana mtoto mchanga
na jikoni yumo mama yake tu, ambaye hasikii.

Nje ni Łódź ya Februari,
theluji isiyoamua kama ni theluji au maji.

Anakanyaga. Anapitisha upinde juu ya uzi mnene,
noti nne zinazoshuka kama mtu kwenye ngazi umeme umekatika.
Anakanyaga tena.
Amechelewa. Si sana,
kiasi cha kope kugusa kope.
Zile nne zinarudi, na mwisho wake pana kijipengo,
mguu mmoja mfupi.

Nitakifunika, anajiambia.
Analaza juu yake sauti ya pili, ya kudonoa kwa kidole;
ya tatu, upinde karibu na daraja, mkwaruzo mtupu;
ya nne, kiganja kikipiga tumbo la fidla.
Ya tano ilikuwa iwe noti ndefu, birika likapiga mluzi,
likaingia bila hodi. Akaliacha.
Ya sita. Ya saba.
Sasa ni nzito kama supu ya jana,
na humo ndani, kila baada ya sekunde sita,
kitu kinachechemea.

Kitufe cha kufuta hufuta kilichokuja mwisho.
Kinaweza kung'oa ya saba, ukitaka.
Hakifiki chini. Kosa la kwanza limelaliwa na yote
na yote yamejipima kwalo.

Wiesława anamenya viazi.
Miaka ishirini na tisa kiwanda cha pamba,
mitambo mia nne ndani ya ukumbi mmoja.
Humo wanawake walisemezana kwa midomo bila sauti,
wakagombana hivyo, wakachumbiwa hivyo,
na kiwanda kilipogeuzwa maduka
masikio yao yalibaki huko pamoja na vumbi.
Mkono wake wa kushoto umelala mezani.
Meza imesimama juu ya vigae. Juu ya vigae, spika.
Kisu kinasita.

"Uzi umekatika," anasema,
kwa sauti kubwa mno, kama kawaida.

Bogna anatazama fidla. Nyuzi zote nne zipo.

"Huko chini. Unafuma juu ya uzi uliokatika."

Hakuna atakayejua, Bogna anaunda kwa midomo.

"Kitambaa kitajua. Mtande ukiwa mbovu,
hata mshindio uwe wa hariri, unafuma tundu."

Kisha anainuka,
na kwa ndara yake ya manyoya, iliyolika kisigino,
anaikanyaga pedali na haondoi mguu.
Sekunde moja. Mbili.
Taa inazima.

Saa nzima na nusu ya kazi.
Bogna anatamka neno ambalo binti hamtamkii mama,
analitamka bila sauti, amesahau
yuko mbele ya nani.

Bomba la joto linagonga ukutani.
Chini, Bwana Zenon anakohoa.

"Msimamizi wetu nilimwita zaidi ya hivyo,"
anasema Wiesława. Anaketi. Anakigeuza kisu
na kugonga meza kwa mpini,
bila haraka, bila kuangalia popote,
mapigo asiyoyasikia;
bega la kulia ndilo linalohesabu.
Mara nane. Mara kumi na sita.
Hayatetereki.

Bogna anashusha mguu juu ya pigo.
Nyekundu.
Anashusha tena, juu ya pigo.
Kijani.

Kinarudi kilivyo: mpini, meza,
na ganda la kiazi lililoteleza mezani,
likianguka pale pale, tena,
ganda moja, tena, halijafika chini.

"Sawa?"

Bogna hajibu. Amekwisha kuinua upinde.
Kiganja kinarudi mezani,
kisu kwenye kiazi.